Wawinda Dhoruba wa Marekani: Wao Wanaikimbilia Radi, Sisi Tufanyeje?

Leo tunaweka pembeni kidogo mambo ya mbolea, mbegu na viwavijeshi. Vijana kadhaa huku vijijini wameniuliza kuhusu zile video zinazosambaa kwenye simu, unaona mzungu yuko barabarani na pikapu yake, nyuma yake kuna kitu kama mkonga wa tembo kimeshuka kutoka mawinguni kinazoa mapaa ya nyumba, na yeye anacheka na kupiga picha. Swali lao ni moja: wale jamaa ni wazima kweli? Na wanalipwa na nani?

Nikaona ni swali zuri, tena linatuhusu kuliko tunavyodhani. Kwanza, kule wanakofanya hiyo kazi ni mashambani, nchi ya ngano na ng'ombe. Pili, kile wanachokifukuza, yaani wingu kubwa la radi, sisi tunacho hapa kwetu, tena kwa wingi. Basi tulia nikueleze kuanzia mwanzo.

Nchi yenyewe ikoje

Katikati ya Marekani kuna uwanda mkubwa tambarare unaoanzia Texas kusini, ukapita Oklahoma, Kansas na Nebraska, ukaenda hadi Dakota Kusini na Dakota Kaskazini. Ukisimama juu ya kichuguu unaona hadi macho yachoke. Mashamba ya ngano, mahindi, soya, mtama na ranchi za ng'ombe wa nyama. Barabara za mashambani zimepangwa kama madaftari ya hesabu. Ardhi ilipimwa kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, utaratibu uliowekwa kisheria tangu 1785, kwa hiyo sehemu nyingi kila baada ya kilomita 1.6 unakuta barabara inakatiza. Hizo barabara ndizo zinazowawezesha wawinda dhoruba kuzunguka wingu, kulipishana nalo na kulikwepa.

Kwa nini dhoruba zinapenda pale? Hewa ya joto na unyevunyevu inapanda kutoka Ghuba ya Meksiko, kusini. Hewa kavu inakuja kutoka majangwa ya kusini-magharibi na upande wa milima ya Rocky. Juu kabisa kuna mkondo wa upepo mkali unaokwenda kasi. Zikikutana zote, hewa ya chini inataka kupanda kwa nguvu, na kwa sababu upepo wa chini na wa juu una mwelekeo na kasi tofauti, wingu zima linaanza kujizungusha. Wingu la namna hiyo linaitwa supaseli. Linaweza kuishi saa kadhaa, likamwaga mvua ya mawe, likapiga radi mfululizo, na mara nyingine likashusha tornado.

Tornado ndugu zangu si kile kisulisuli kinachopeperusha vumbi na majani makavu uwanjani mwezi wa tisa. Kisulisuli chetu kinaanzia chini kwa sababu ardhi imepata joto, na mbingu inaweza kuwa nyeupe kabisa. Tornado imefungwa kwenye wingu la radi. Wala usiichanganye na kimbunga cha baharini, ambacho kina upana wa mamia ya kilomita na kinaonekana siku kadhaa kabla. Tornado ina upana wa mita kadhaa hadi kilomita chache, na kwa kawaida inamaliza kazi yake ndani ya dakika. Marekani inapata takriban 1,200 kwa mwaka.

Angalia na majira. Msimu mkubwa wa tornado kwenye uwanda huo ni mwezi wa nne hadi wa sita. Ngano ya Oklahoma inaanza kuvunwa kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tano na kuingia wa sita. Yaani mkulima ameshatumia gharama zote, suke limeiva, kombaini iko tayari, halafu juu ya kichwa chake linajengeka wingu lenye mawe ya barafu. Tarehe 23 Julai 2010, kule Vivian, Dakota Kusini, liliokotwa jiwe la barafu lenye kipenyo cha sentimita 20 na uzito wa karibu gramu 880. Hebu fikiria kitu cha uzito huo kinashuka kutoka mawinguni kwenye shamba la mahindi, au kwenye mgongo wa ng'ombe. Ndiyo maana wakulima wengi kule wanakata bima ya mazao dhidi ya mvua ya mawe.

Walianzaje

Zamani hata kutabiri tornado ilikuwa mwiko. Watabiri wa serikali walikuwa wanakatazwa kulitumia neno lenyewe kwenye taarifa, kwa hofu ya kuwatia watu taharuki. Mambo yaligeuka Machi 1948. Tarehe 20 mwezi huo tornado ilipiga kambi ya jeshi la anga ya Tinker, Oklahoma, ikaharibu ndege nyingi. Maofisa wawili wa hali ya hewa, Ernest Fawbush na Robert Miller, waliagizwa wachunguze kama jambo hilo lingeweza kuonekana mapema. Wakakaa na ramani zao. Siku tano baadaye, tarehe 25, wakaona ramani ya siku hiyo inafanana sana na ile ya tarehe 20. Wakatoa utabiri, ndege zikahamishwa na vitu vikafungwa. Jioni tornado nyingine ikapita kambini palepale. Hapo ndipo watu walipokubali kwamba kumbe inawezekana.

Lakini utabiri wa ramani ni kitu kimoja, kujua kinachoendelea chini ya wingu ni kitu kingine. Kijana mmoja wa Bismarck, Dakota Kaskazini, anayeitwa David Hoadley, alianza kufuata dhoruba kwa gari mwaka 1956, baada ya dhoruba kupiga mji wao. Hakuwa na rada wala simu. Alikuwa na macho, ramani ya barabara na subira. Mwaka 1977 alianzisha jarida dogo la wenzake wenye ugonjwa huo huo, Storm Track. Wengi wanamtaja kama baba wa uwindaji dhoruba.

Upande wa sayansi, Neil Ward alikwenda uwandani Oklahoma mwaka 1961 akiwa pamoja na polisi wa barabarani, akawa anawasiliana na watu wa rada ili kulinganisha wanachoona kwenye kioo na yeye anachokiona kwa macho. Mwaka 1964 ikaanzishwa maabara ya taifa ya dhoruba kali mjini Norman, Oklahoma. Kisha ikaja siku yao kubwa, 24 Mei 1973. Timu ya wawindaji ilifika karibu na mji mdogo wa Union City ikapiga picha za tornado kuanzia inazaliwa hadi inakufa, wakati huohuo rada ya Doppler ya Norman ilikuwa inaliangalia wingu lilelile. Baadaye walipolinganisha picha na kumbukumbu za rada, wakakuta rada ilikuwa imeshaonyesha alama ya mzunguko juu mawinguni kabla tornado haijagusa ardhi.

Hapo ndipo faida ilipo, mkulima mwenzangu. Bila watu waliokuwa pale chini, alama ile kwenye rada ingebaki kuwa madoadoa tu. Kutokana na kazi za namna hiyo, miaka ya 1990 Marekani ilisambaza rada za Doppler nchi nzima, na leo familia nyingi zinapata onyo dakika kama kumi na kitu kabla ya kupigwa. Unaweza kuona ni muda mfupi. Lakini dakika kumi zinatosha kumbeba mtoto, kumshika bibi mkono na kushuka kwenye handaki.

Siku ya uwindaji ikoje

Video zinakuonyesha dakika mbili. Siku yenyewe ina saa kumi na tano.

Asubuhi wanaamka wanasoma ramani: unyevu uko wapi, upepo wa juu unakwenda wapi, mpaka kati ya hewa kavu na hewa yenye unyevu umelala wapi. Wanachagua mji mmoja wa kulenga, wanaendesha mamia ya kilomita, halafu wanakaa kituo cha mafuta wanasubiri. Mchana anga linaweza kuwa bluu kabisa, joto kali, jasho linatoka. Ukiwa mgeni utasema leo hakuna kitu. Mwenyeji anaangalia vile viwingu vidogo vinavyojaribu kupanda na kuanguka, anajua hewa ya juu imeweka kifuniko kama cha sufuria. Kifuniko kikifunguka saa kumi jioni, ndani ya saa moja wingu linapanda kilomita kumi na zaidi, juu linatanuka na kuwa bapa kama fuawe ya mhunzi.

Hapo wanaanza kujipanga. Wanapendelea kukaa kusini au kusini-mashariki ya wingu, kwa sababu mara nyingi dhoruba hizo zinakwenda kaskazini-mashariki, na upande huo hauna pazia la mvua. Wanatafuta sehemu ya chini ya wingu iliyoshuka kama ukuta, wanaangalia kama inazunguka. Siku nyingi haizunguki, au inazunguka kidogo ikaachia, giza likaingia, wakala chakula cha kituo cha mafuta wakarudi. Hata mwindaji mzoefu anaweza kutoka siku nyingi akaona tornado chache tu. Wengi wao hawalipwi na mtu, wanatumia likizo na mafuta yao wenyewe. Wachache ni watafiti wa vyuo, wachache wanauza picha kwa televisheni, wengine wanaongoza watalii.

Na hatari kubwa kwao, usishangae, ni barabara. Mwaka 1984 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oklahoma alikufa kwenye ajali ya gari akiwa katika safari ya kufukuza dhoruba. Mwaka 2017 wawindaji watatu walikufa Texas magari yalipogongana kwenye njia panda ya mashambani. Aprili 2022 wanafunzi wengine watatu wa chuo hichohicho cha Oklahoma walikufa wakati wanarudi kutoka Kansas, gari lao lilipoteleza kwenye barabara yenye maji. Tornado wala haikuwagusa. Ni uchovu, mvua, mwendo na macho yanayoangalia juu badala ya mbele. Halafu zile barabara za udongo mwekundu zikilowa, ni kama zile zetu za mfinyanzi wakati wa masika, unakanyaga breki lakini gari linaamua lenyewe.

Pipa lililoitwa Toto, na kobe wa chuma

Watafiti walitaka kujua ndani ya tornado kuna nini. Miaka ya 1980 walitengeneza pipa la vipimo wakalipa jina TOTO, kwa kifupi cha maneno ya kisayansi na pia kwa kumkumbuka yule mbwa wa kwenye hadithi ya mchawi wa Oz. Sisi Waswahili tukisikia jina hilo tunacheka, na kweli lilikuwa toto tundu. Walilibeba kwenye pikapu msimu baada ya msimu, na kila mara tornado ikapita kando, na upepo ukaonyesha kwamba pipa refu linaangushwa kirahisi. Mwisho wakaliacha. Wazo la pipa hilo ndilo lililowapa watu wa sinema kisa cha filamu ya Twister ya mwaka 1996, ambayo vijana wengi mmeiona.

Aliyefanikiwa ni fundi mmoja anayeitwa Tim Samaras wa Colorado. Huyu hakuwa na shahada ya hali ya hewa. Alikuwa mhandisi aliyejifunzia kazini, anayeelewa vipimo vya milipuko. Yeye akatengeneza chombo kifupi, kizito, kipana chini na chembamba juu, mfano wa kobe, ili upepo ukikipitia ukibane chini badala ya kukiinua. Tarehe 24 Juni 2003, karibu na kijiji cha Manchester, Dakota Kusini, aliweka kobe wake barabarani tornado ikiwa inakuja, akakimbilia gari. Tornado ikapita juu ya chombo. Kikarekodi mgandamizo wa hewa ukishuka milibari 100 kwa muda mfupi sana. Ili uelewe, tofauti hiyo ni takriban kama unayoipata ukitoka Dar es Salaam usawa wa bahari ukapanda mpaka Moshi mjini, ila hapa imetokea kwa sekunde. Kijiji cha Manchester hakikusimama tena.

Samaras aliwinda radi pia. Alikuwa na kamera ya kasi kubwa mno, akijaribu kunasa ile nukta ya muda ambapo mkono wa radi unaoshuka kutoka mawinguni unakutana na mkono mdogo unaopanda kutoka ardhini, kwenye mti au kwenye mlingoti. Maana radi haishuki tu. Vitu vilivyo juu ya ardhi navyo vinanyoosha mkono kuipokea. Kumbuka jambo hili, nitalirudia.

El Reno, 31 Mei 2013

Hii ndiyo siku ambayo wawinda dhoruba wote wanaizungumza kwa sauti ya chini.

Siku kumi na moja kabla, tarehe 20 Mei, tornado ilikuwa imepiga mji wa Moore, Oklahoma, ikaua watu 24. Kwa hiyo tarehe 31 wingu lilipojengeka magharibi ya jiji la Oklahoma, watu walikuwa na hofu mpya. Wengi waliingia kwenye magari wakimbie, barabara zikajaa. Wawindaji nao walikuwa wengi, wazoefu na wanaojifunza, kila mmoja kwenye barabara zilezile za miraba.

Tornado ilishuka jioni, mashambani karibu na mji wa El Reno. Mwanzo ilionekana ya kawaida. Baada ya dakika chache ikatanuka hadi upana wa kilomita 4.2, ambao ndio upana mkubwa zaidi uliowahi kurekodiwa. Imefunikwa na mvua, hujui ukingo wake uko wapi. Ikageuza mwelekeo kuelekea kaskazini-mashariki na kuongeza kasi. Ndani ya ule mzunguko mkubwa kulikuwa na vizunguko vidogo vinavyokimbia kwa kasi ya ajabu. Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young walikuwa kwenye gari dogo, kwenye barabara ya udongo, wakijaribu kutangulia mbele waweke vyombo. Wakafikiwa. Wote watatu walikufa. Gari la timu ya televisheni lilirushwa shambani. Kwa jumla tornado ile iliua watu wanane, na wote walikuwa kwenye magari.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu Samaras anatajwa na wenzake kama mmoja wa waangalifu kuliko wote. Alikuwa na miaka mingi kazini, vifaa, ujuzi na nidhamu. Kilichobadilika ni wingu. Ulijua lilivyokuwa dakika tano zilizopita, ukafanya hesabu kwa hiyo, na lenyewe likawa limeshaondoka kwenye hesabu yako. Hilo ni funzo kwa kila anayefanya kazi chini ya anga, pamoja na mkulima anayesema ngoja nimalizie mistari miwili ya palizi ndio nikimbie mvua.

Sasa tuje kwetu

Tornado kubwa za namna ile kwetu si tatizo la kila msimu. Radi ni tatizo. Utafiti wa kutumia satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipanga sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo kule Venezuela. Ya pili iko jirani yetu, Kabare, mashariki mwa Kongo, yenye wastani wa miale zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ziwa Victoria nalo limo kwenye maeneo mazito. Mchana mawingu yanajengeka nchi kavu kuzunguka ziwa, usiku yanahamia majini, na ndiyo maana wavuvi wetu wanakutwa na dhoruba usiku wa manane.

Kwa hiyo sisi hatuhitaji kuifukuza radi, inatufuata hukuhuku. Tarehe 28 Juni 2011 radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Shule ilikuwa na majengo, lakini hayakuwa na kinga ya radi.

Najua baadhi ya maeneo yetu mtu akipigwa na radi kinachofuata ni kumtafuta aliyeituma. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Ninachosema ni kwamba ukielewa radi inavyofanya kazi, unaweza kuipunguzia nafasi, na hilo halihitaji kumnyooshea jirani kidole.

Radi inaua kwa njia zaidi ya moja. Kupigwa moja kwa moja ni nadra. Mara nyingi inapiga mti, halafu inaruka kutoka kwenye mti kwenda kwa aliyejikinga chini yake. Au inapiga ardhi, umeme unasambaa kwenye udongo, na unapanda mguu mmoja na kutokea mwingine. Sasa mwangalie ng'ombe. Miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na moyo uko katikati ya njia. Ndiyo maana unaweza kukuta mifugo kumi imelala chini ya mti mmoja, na mchungaji aliyekuwa hatua chache akapona. Agosti 2016, kule Norway, radi iliua paa wa baridi 323 kwa pamoja kwenye uwanda wa Hardangervidda, walikuwa wamejikusanya wakati wa dhoruba. Na waya wa uzio unaweza kuusafirisha umeme mbali sana na pale radi ilipopiga.

Wawinda dhoruba wa uwandani wana kanuni zao, na kwa hili la radi tuwaibie kabisa:

1. Hesabu sekunde. Ukiona mwanga, anza kuhesabu mpaka usikie ngurumo. Gawanya kwa tatu, unapata umbali kwa kilomita. Ukihesabu chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, acha jembe ondoka. Na kama unasikia ngurumo tu bila kuona mwanga, tayari uko kwenye eneo la hatari.

2. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo urudi shambani. Watu wengi wanapigwa mvua ikiwa imekaribia kuisha au haijaanza kabisa.

3. Gari lenye bodi ya chuma, madirisha yamefungwa, ni kinga nzuri. Kinachokulinda ni lile bati linalokuzunguka, si matairi. Kwa hiyo trekta isiyo na kabati, bodaboda na baiskeli havikusaidii. Viatu vya mpira navyo ni hivyohivyo.

4. Usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, wala kwenye kibanda cha kulindia ndege, wala kwenye banda lililo wazi pembeni. Kumbuka niliyosema: vitu virefu vinanyoosha mkono kuipokea radi. Nyumba ya udongo na nyasi haina njia ya kuupeleka umeme ardhini. Jengo kubwa la kudumu lenye nyaya na mabomba ni bora zaidi, ukae mbali na madirisha, milango na waya.

5. Mkikutwa mbugani kundi zima, tawanyikeni. Msishikane, msikumbatiane. Sogeeni mahali pa chini, mbali na maji na uzio. Si kinga kamili, ila inasaidia asife kila mtu kwa pigo moja.

6. Mifugo usiifunge kwenye mti mrefu au kuibana kwenye kona ya uzio wa waya wakati wa masika. Panga malisho ya mchana, saa ambazo mawingu yanajengeka, yawe mbali na vilele vya vilima. Kama boma lina mti mmoja mrefu katikati, jengea uzio ng'ombe wasilale chini yake.

7. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse bila woga. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi hapohapo huku mwingine akitafuta usafiri. Wengi wanaokufa, moyo umesimama tu, na waliokuwepo wameogopa kumsogelea.

Kwa shule, ghala la ushirika na kituo cha kukusanyia maziwa, ongeeni kwenye kikao cha kijiji kuhusu kuweka kinga ya radi: fimbo ya chuma juu ya paa, waya mnene unaoshuka, na chuma kilichozikwa ardhini vizuri. Iwekwe na fundi anayejua, maana iliyowekwa vibaya ni sawa na kuikaribisha.

Macho ya ardhini

Nimalizie na jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi katika habari hii yote.

Marekani ina rada kila kona na satelaiti juu. Hata hivyo mamlaka yao ya hali ya hewa bado inafundisha raia wa kawaida, wakulima, madereva, wazimamoto, kuangalia wingu na kutoa taarifa. Mpango huo unaitwa Skywarn na ulianza miaka ya 1970. Sababu ni kwamba mwale wa rada unakwenda juu kadiri unavyokwenda mbali, kwa hiyo karibu na ardhi haioni. Mkulima aliyesimama kwenye lango la shamba lake anaona kile ambacho mashine ya mabilioni haikioni.

Sisi rada zetu ni chache zaidi, kwa hiyo macho yetu yana thamani zaidi. Mkulima anayeandika kwenye daftari siku mvua ilipoanza, milimita ngapi zilizoingia kwenye kipimo chake, siku mawe yalipoanguka na yalikuwa na ukubwa wa punje au wa yai, radi ilipiga wapi na kuua nini, huyo anafanya kazi ileile aliyoifanya Hoadley mwaka 1956. Daftari lako la misimu mitano litakuambia mvua ya mawe inapendelea mwezi gani kwako, upande gani wa kilima, na kama ni busara kupanda maharage mapema au kusubiri. Wenzetu wa chai kule Kericho na Nandi wanalijua hili, maana mawe yanawachania majani mara kwa mara.

Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zikitoka, zisome. Ukiona jambo kali kijijini, mpe taarifa afisa ugani au mtendaji wako siku hiyohiyo, na tarehe na saa. Usisubiri kikao.

Na kwa vijana wangu walioniuliza: ndiyo, wale jamaa ni wazima. Baadhi yao wamezika wenzao ili familia ya mtu mwingine ipate dakika kumi za kukimbia. Wewe picha ya radi unaweza kuipiga kutoka dirishani, mlango umefungwa na ng'ombe wako mbali na mti. Hakuna wa kukudharau.

Masika njema, na tukutane makala ijayo, ambapo tutarudi kwenye uhifadhi wa mahindi na dumuzi. Mshirikishe jirani yako makala hii, hasa mwenye watoto wanaochunga.